Kwa nini ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa hachukui joto

Ndama jike huzaliwa na makumi ya maelfu ya vifuko vya mayai ndani ya ovari zake. Karibu vyote vitakufa bila kuachia yai, na huo si ugonjwa. Kifuko kikishaanza kukua, seli zinazolizunguka yai huishi kwa sharti kubwa moja: ziendelee kupata homoni. Zikikosa, hujivunja zenyewe kwa mpangilio, na kifuko kizima hunywea.

Katika mzunguko wa siku 21 hivi, vifuko hukua kwa makundi, mara 2 au 3. Vinavyoanza vyote hutegemea homoni ya FSH kutoka tezi iliyo chini ya ubongo. Kimoja kikifika upana wa milimita 8 au 9 huwapita wenzake, na homoni zake za estrojeni na inhibini huishusha FSH. Wadogo hufa njaa ya homoni. Mkubwa hunusurika kwa sababu seli zake zimeshapata vipokezi vya homoni nyingine, LH, na husaidiwa na IGF-1, homoni ya ukuaji wa seli inayopungua ng'ombe akikosa lishe.

Hata hivyo mkubwa huyo naye si salama. LH hutoka kwa mapigo, na projesteroni, homoni ya gimba la manjano (uvimbe unaobaki kwenye ovari pale yai lilipotoka), huyapunguza kasi. Gimba likiwa hai, kifuko hakipasuki, nacho hufa. Karibu siku ya 17, mfuko wa uzazi usipopata ishara ya kiinitete, hutoa prostaglandini, kemikali ya mwili inayoziua seli za gimba. Ndipo mapigo ya LH huongezeka, joto (hamu ya kupandwa) huja na yai hutoka. Kiinitete kikiwepo hutoa ishara yake, protini iitwayo intaferoni, inayozuia prostaglandini hiyo, na mimba hubaki.

Sasa mtazame ng'ombe aliyezaa akiwa mbavu nje, anakamuliwa kila siku na malisho ni makavu. Insulini na IGF-1 ziko chini, mapigo ya LH ni machache. Vifuko vinakua, vinakaribia, vinakufa, kundi baada ya kundi. Mfugaji anaona miezi inapita bila joto na kumlaumu mhimilishaji, yule anayempandikizia ng'ombe mbegu za dume. Kwa zebu, ng'ombe mwenye nundu, anayenyonyesha ndama mchana kutwa hali huwa nzito zaidi, maana kunyonya nako huibana LH.

Kwa hiyo matibabu ya kwanza ninayoyashauri ni lishe, tena ianze miezi miwili kabla ya kuzaa, ng'ombe akiwa amekaushwa, yaani ameachwa kukamuliwa. Kumrudishia mwili akiwa tayari anakamuliwa ni kazi ngumu mno.

Sindano ya prostaglandini, inayotumiwa kuleta joto kwa kuliua gimba, haimsaidii ng'ombe asiye na gimba la manjano, wala mwenye gimba changa la siku chache baada ya joto. Akiwa na mimba, sindano hiyo inaweza kuitoa, hivyo daktari wa mifugo ampime kwanza. Dawa hii hupenya ngozi ya binadamu pia: mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa.