Mashindano ya magari kwenye barabara za umma: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Tangu Barabara Kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, ikiwa na urefu wa kilomita 50 hivi na upana unaofikia njia nane, Nairobi ilipata lami ambayo vijana wenye magari ya kasi hawakuwahi kuwa nayo. Mlio wa ekzosi zilizofunguliwa usiku wa manane sasa ni jambo la kawaida kwa wakazi wa Roysambu na Githurai. Pamoja na mlio huo yameenea maneno mengi yanayorudiwa kana kwamba yamethibitishwa, mengine kutoka kwa wanaoshindana na mengine kutoka kwetu tunaowalaumu.

Dhana: Wanaoshindana ni wahuni waliochoka kuishi.

Naanza na upotofu wetu sisi wenye kulaumu, kwa sababu unaharibu mazungumzo yote yanayofuata. Kijana aliyeagiza Subaru Impreza iliyotumika Japani, akajinyima ili aibadilishie turbo na springi, kisha akashinda gerejini Jumamosi nzima akisikiliza injini, ni mtu mwenye bidii na maarifa. Kundi analokutana nalo usiku humpa kile ambacho kazini au nyumbani pengine hakipati: anajulikana, anaheshimiwa kwa alichokitengeneza kwa mikono yake, na gari likimharibikia njiani hapungukiwi mtu wa kuja kumvuta. Mwili nao una sehemu yake. Kasi humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio, mawazo yote ya kodi na madeni hutoweka, na hubaki barabara tu. Raha hiyo ni ya kweli, na mzazi anayemwambia mwanawe kwamba haipo huacha kusikilizwa tangu sentensi ya kwanza. Ni kweli pia kwamba sehemu ya ubongo inayopima matokeo huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na kwamba kijana huthubutu zaidi anapotazamwa na wenzake kuliko anapokuwa peke yake. Kundi lile lile linalomlea ndilo linalomsukuma.

Dhana: Dereva stadi mwenye gari zuri analidhibiti kwa kasi yoyote.

Hapa ustadi unakutana na hesabu isiyobembelezeka. Chukua magari mawili yanayokwenda sambamba, moja kwa kilomita 80 kwa saa na jingine kwa 160, na madereva wote wawili waone kizuizi kwa wakati mmoja. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu jicho lione hadi mguu ukanyage breki. Katika muda huo gari la kwanza hupita mita 33, kisha hutumia mita 35 hivi kusimama kwenye lami kavu, jumla mita 68. Gari la pili hupita mita 67 katika sekunde hiyo moja na nusu. Kwa hiyo, mahali ambapo la kwanza limesimama kabisa, la pili ndiyo kwanza breki zake zinaanza kushika, na bado linahitaji mita 140 nyingine. Hakuna kipaji kinachofupisha umbali huo, kwa sababu unategemea mshiko wa tairi na lami.

Tuongeze giza. Taa za chini za gari la kawaida huangaza mita 50 hivi mbele, na kwa kilomita 160 kwa saa gari hupita mita 44 kila sekunde. Dereva huyo anaendesha kuingia mahali asipopaona. Tuongeze tairi: magari mengi yanayokimbizwa hivi yamebadilishwa injini kabla ya kubadilishwa tairi, na si wachache wanaotumia tairi za mtumba bila kusoma tarakimu nne zilizo ubavuni, ambazo hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye 2314 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira uliokauka hauna mshiko hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Wengine hutegemea mkanda na mifuko ya hewa. Majaribio ya Ulaya ya kugonganisha magari uso kwa uso yalifanywa kwa miaka mingi kwa kilomita 64 kwa saa. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, hivyo gari linalojigonga kwa 160 hubeba zaidi ya mara sita ya ile ambayo majaribio hayo yaliipima.

Dhana: Usiku wa manane barabara haina mtu.

Anayesema hivi anatazama magari tu. Saa tisa na saa kumi alfajiri ndiyo saa ya wachuuzi wanaowahi mboga Marikiti, ya walinzi wanaobadilishana zamu na ya bodaboda wenye taa moja ya mbele na pasipo ya nyuma. Ndiyo saa ambayo lori lililoharibika hubaki kwenye njia likiwa limetandikiwa matawi ya miti badala ya pembetatu zinazong'aa.

Mfikirie mwanamke mmoja amesimama ukingoni mwa barabara, mahali ambapo daraja la waenda kwa miguu liko mbali naye, ana njia tatu za kuvuka. Njia hizo ni kama mita kumi na nusu, na kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima atazimaliza kwa karibu sekunde tisa. Anaona taa za gari umbali wa mita 200. Likiwa linakuja kwa kilomita 80 litamfikia baada ya sekunde tisa, wakati anapoikanyaga kingo ya pili. Likiwa linakuja kwa 160 litamfikia baada ya sekunde nne na nusu, naye atakuwa katikati ya njia ya pili. Kutoka alikosimama, gizani, taa za magari hayo mawili zinafanana. Amepima kama alivyopima kila siku, na hesabu yake ingekuwa sahihi kama dereva angefuata sheria. Ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 nchini Kenya kila mwaka, na waenda kwa miguu ndio kundi linalopoteza watu wengi zaidi.

Dhana: Nikianguka ni roho yangu mwenyewe, na likitokea la kutokea ni bahati mbaya.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2016, madereva wawili walikutana kwa nasibu katikati ya Berlin, Ujerumani, wakakubaliana kushindana kwenye mtaa wa Kurfürstendamm, mmoja akiwa na Audi na mwingine Mercedes. Walipita taa nyekundu kadhaa. Kwenye makutano ya mwisho, Audi, ikiwa na kasi ya takribani kilomita 160 kwa saa au zaidi, iliigonga Jeep iliyokuwa ikivuka kwa taa ya kijani. Mwenye Jeep, mstaafu wa miaka 69, alifariki papo hapo. Walioshindana walitoka na majeraha madogo. Magari yao yalikuwa na vifaa vya kumkinga aliye ndani, na vifaa hivyo vilifanya kazi yake. Ila havikutengenezwa kumkinga mtu wa pembeni.

Kilichofuata mahakamani kinastahili kujulikana na kila anayesema "ilikuwa ajali". Mwaka 2017 mahakama ya Berlin iliwatia wote wawili hatiani kwa kuua kwa kukusudia, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Mahakama ya juu iliitengua mwaka 2018, kesi ikarudiwa, na mwaka 2019 wakahukumiwa tena vivyo hivyo. Mwaka 2020 kifungo cha maisha cha dereva wa Audi kilithibitishwa, na mwaka uliofuata mwenzake, ambaye gari lake silo lililoigonga Jeep, alipewa miaka 13 kwa jaribio la kuua. Hoja iliyoshinda ni kwamba mtu anayekata makutano yenye taa nyekundu kwa kasi ile anajua kuna mtu anaweza kufa, na akiendelea, amekubali hilo. Hadi mwaka 2017, kushindana barabarani nchini humo kulikuwa kosa la faini ya yuro 400 na kunyang'anywa leseni mwezi mmoja. Tangu Oktoba 2017 ni jinai inayomhusu hata mwandaaji, na hata dereva anayekimbia peke yake kutafuta kasi ya juu kabisa. Anayesababisha kifo anaweza kufungwa hadi miaka kumi.

Nchini Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki nacho kinaruhusu kifungo cha hadi miaka kumi kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha kihatari. Bima nayo kwa kawaida hutenga mashindano ya kasi, na gari lililobadilishwa injini bila kampuni kuarifiwa hutoa sababu nyingine ya kukataliwa madai.

Dhana: Mtazamaji aliye kando yuko salama.

Gari lililopoteza mwelekeo huenda lilikokuwa likielekea kabla ya usukani kugeuzwa, yaani nje ya kona, na nje ya kona ndiko watu husimama na simu zao ili wapate picha nzuri.

Dhana: Safari Rally nayo ni mashindano ya barabarani, mbona inasifiwa?

Swali hili ni la haki kuliko linavyochukuliwa. Safari iliyoanza mwaka 1953 ilikimbizwa kwenye barabara zilizokuwa wazi kwa kila mtu, na timu kubwa zilifikia kurusha helikopta mbele ya magari yao ili kuonya kuhusu ng'ombe, malori na watoto. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilirudi Naivasha ikiwa na hatua, yaani vipande vya njia vya kushindania, zilizofungwa kwa watu wengine, madaktari wakisubiri, fremu za chuma ndani ya magari na kofia ngumu vichwani. Dereva bingwa akitoka kwenye hatua moja kuelekea nyingine, hupita barabara ya kawaida kwa kufuata mwendo uliowekwa, na akiuzidi huadhibiwa.

Dhana: Hakuna mahali pengine pa kukimbizia magari.

Hii ina ukweli ndani yake. Mashindano ya autokrosi yanayosimamiwa na Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya yapo, hufanyika kwenye uwanja uliopimwa, gari moja likishindana na saa, na yana madaraja ambayo hata gari dogo huweza kuingia. Lakini ni siku chache kwa mwaka, na kwa kijana wa Kahawa au Ruiru ada, usafiri na vifaa vya usalama ni gharama kubwa. Kaunti ambako polisi huweka vizuizi kila wikendi zingeweza kutenga uwanja mmoja wa lami, gari la wagonjwa moja na jioni mbili kwa mwezi, na vijana wenyewe, ambao tayari wana mafundi, makundi na michango yao, wakapewa kazi ya kuuendesha.