Fedha za polisi na sauti ya mwananchi: dhana potofu na ukweli

"Gavana ndiye anayewalipa polisi wa kaunti." Sivyo. Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali ya kitaifa kazi ya polisi. Mishahara, sare na mafuta ya magari hutoka kwenye bajeti inayopitishwa na Bunge la Kitaifa, na tangu Septemba 2022 Inspekta Jenerali ndiye anayewajibikia matumizi yake. Awali fedha hizo zilikuwa chini ya Ofisi ya Rais. Kuna vituo vilivyojengwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, lakini askari wa kukaa humo hupangwa na makao makuu. Wanaodai jengo bila kuomba askari mapema hujikuta na kituo kilichofungwa kufuli.

"Basi mwananchi hana lake hapo." Hapa ndipo wengi wanapojinyima haki yao. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Ndani yake mna wakuu wa usalama wa kaunti, wajumbe wawili wa bunge la kaunti, na watu wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini, mashirika ya kijamii na watu wenye mahitaji maalumu. Mamlaka hiyo hupendekeza vipaumbele, hufuatilia bajeti ya polisi wa kaunti na hupokea ripoti za kamati za polisi jamii. Haina uwezo wa kuamuru nani akamatwe, na ni vyema iwe hivyo.

Kaunti nyingi zimechelewa kuiunda. Muulize mwakilishi wadi wako kwa barua: je, wajumbe wameteuliwa, na walikutana lini mara ya mwisho?

Mlango wa pili ni bajeti yenyewe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hufika bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka unaotangulia kwisha, yaani kufikia 30 Aprili. Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya bunge itafute maoni ya umma. Maoni yanayotumwa Julai yamekuta mambo yameshapitishwa.

"Tukilalamika kwenye baraza la chifu, polisi wamesikia." Kusikia si kuandika. Lalamiko la "usalama umezorota" halimsaidii OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kupanga doria. Linalosaidia ni kama hili: pikipiki tatu zimenyang'anywa mwezi huu kwenye njia ya darajani, kati ya saa moja na saa tatu usiku, na nambari za OB (daftari la matukio la kituo) ni hizi. Wengi huibiwa, wakaona ni kazi bure kwenda kituoni, wakangoja baraza ili wapaze sauti. Lakini wizi usioingizwa kwenye OB haumo katika takwimu za kituo. Eneo linaonekana tulivu, na ombi la askari zaidi linakosa ushahidi. Kwa hiyo ripoti kwanza, chukua nambari, kisha uiwasilishe kwenye kikao na kuhakikisha imeingia kwenye kumbukumbu. Kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza nini kilifanywa.

Majina ya watoa habari yasitajwe hadharani, wala yasiandikwe kwenye kumbukumbu zinazosambazwa. Mtu mmoja akishambuliwa, kijiji kizima hunyamaza.

"Nyumba Kumi ni askari wa mtaa." Hapana. Mpango huo ulioanza 2013 ni wa majirani kujuana na kupashana habari. Hauwapi ruhusa ya kupekua nyumba wala kutoza faini.

"Lazima tuchange mafuta ndipo gari la polisi litoke." Hakuna sheria inayosema hivyo. Kuripoti kosa ni bure, na fomu ya P3, ya kurekodi majeraha ya aliyeshambuliwa, hutolewa na polisi bila malipo. Ukiambiwa ulipe, andika tarehe, saa na nambari ya huduma ya afisa, kisha upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.