"Para" si "nusu"

Wiki hii nimelisikia tena kosa lile kuhusu kadi za mtandao za mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kiprogramu ndani ya kompyuta nyingine: "Usiweke virtio, hiyo ni nusu-pepe. Weka e1000, hiyo ndiyo kadi ya kweli." Msemaji ni mtu anayesimamia seva kila siku, na vijana anaowafundisha waliliandika hivyohivyo kwenye madaftari yao.

Hiyo "nusu-pepe" ni tafsiri yake ya "paravatuali" (paravirtual), na maana yenyewe ni fupi. Adapta ya mtandao ya paravatuali ni kadi iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, isiyojifanya kadi yoyote ya dukani. Draiva yake, yaani programu inayoiendesha, hukaa ndani ya mfumo endeshi wa mgeni (mashine pepe yenyewe), nayo inajua fika kwamba inazungumza na haipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe kwenye kompyuta halisi, yaani mwenyeji. Kwenye haipavaiza ya KVM utakutana na virtio, kwenye ya VMware utakutana na VMXNET3.

Tatizo ni hilo "para". Ni neno la Kigiriki, maana yake "kando ya" au "sambamba na". Paralimpiki ni michezo inayokwenda sambamba na Olimpiki, na hakuna anayethubutu kuiita nusu Olimpiki. (Parachuti isikuchanganye: "para" yake ina asili nyingine, ya kukinga.) Jina la paravatuali lilitoka kwenye mradi wa Denali wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2002, kisha Xen, haipavaiza ya Chuo Kikuu cha Cambridge, ikalieneza kuanzia 2003. Nahisi hata neno letu "pepe" linachangia kupotosha. Kwa mkulima, pepe ni punje isiyo na kiini, kwa hiyo mtu akisikia "nusu-pepe" anaona kitu kilichopunguzwa mara mbili.

Hiyo e1000 nayo ni programu tupu. Inaiga kadi ya Intel ya gigabiti moja ili draiva ya zamani ifanye kazi bila kubadilishwa, na uigaji huo una gharama. Draiva ikigusa rejista fulani za kadi (nafasi zake za kupokea amri), kichakataji kinalazimika kuiacha mashine pepe na kurudi kwa mwenyeji, programu ya huko ipige hesabu kadi ya chuma ingejibu nini, ndipo mgeni aendelee. Pakiti za data zikiwa nyingi, safari hizo hula muda wa kichakataji. Virtio haina maigizo hayo. Mgeni na mwenyeji wana eneo la kumbukumbu wanaloshirikiana, limepangwa kama mduara. Draiva hupanga pakiti kadhaa humo, kisha hubisha hodi mara moja. Mwenyeji akiwa bado anazichukua, anaweza kumwashiria mgeni asibishe kabisa.

Jambo la pili linaloniudhi ni kuchanganya adapta na draiva. Niliwahi kuitwa na mtu aliyesakinisha draiva za virtio kwenye Windows, akaona kasi ni ileile, akaamua kwamba virtio ni porojo. Nilipofungua mipangilio ya mashine yake nikakuta adapta bado ni e1000. Draiva ilikuwa imekaa tu, haina kadi ya kuendesha. Kinyume chake pia hutokea: unabadilisha adapta, lakini Windows haiji na draiva hiyo, unabaki bila mtandao. Kerneli, yaani kiini cha Linux, imekuwa na draiva hiyo tangu toleo 2.6.24 la Januari 2008, ndiyo maana watu wa Linux hawaioni hata tofauti. Wao waandike tu amri ethtool -i eth0, wasome mstari wa kwanza: ama e1000, ama virtio_net.

Siikatai e1000. Kwa mfumo wa zamani usio na draiva ya virtio, au unaposakinisha mfumo na unahitaji mtandao mara moja, inafaa sana.

Mimi kwa Kiswahili huiita virtio kadi shirikishi, maana kushirikiana ndiko kunakoitofautisha. Na yule ndugu wa seva nilimwomba arekebishe maneno mawili tu katika somo lake: palipoandikwa "ya kweli", aandike "inayoiga Intel".