Kinundu Chini ya Sikio: "Hakiumi" Si Sababu ya Kungoja

Tezi za mate ziko wapi?
Kubwa ni jozi 3: mbele ya masikio hadi chini yake, chini ya taya na chini ya ulimi.

Mtoto ana homa na mashavu yamefura. Nimpake masizi?
Masizi hayatibu kitu. Huenda ni matubwitubwi, na hayo ni virusi. Mpe maji na mapumziko, muone mhudumu wa afya. Mvulana aliyebalehe akivimba korodani, aletwe siku hiyo hiyo.

Nikila embe la ndimu na pilipili, chini ya taya hufura na kuuma, halafu hunywea. Kwa nini?
Mara nyingi ni kijiwe kimeziba mfereji wa mate. Ukali wa ndimu unayaita mate, nayo hayana pa kutokea. Kwa joto hili la Mombasa, mtu akitafuna muguka mchana kutwa bila maji, kinywa hukauka na mate huwa mazito. Kunywa maji, uje tukiangalie kabla tezi haijatunga usaha.

Nina kinundu chini ya sikio, mwaka wa tatu sasa. Hakiumi. Si ningoje tu?
Usingoje. Wengi wanaotufikia wamechelewa hujitetea kwa neno hilo hilo: hakiumi. Uvimbe wa tezi za mate kwa kawaida huanza bila maumivu, na saratani pia huanza hivyo. Ni kweli, mwingi wa mbele ya sikio si saratani. Lakini hata ule usio saratani, aina iliyo ya kawaida zaidi huweza kugeuka saratani ukiachwa miaka. Kwa kushika tu, hakuna awezaye kukuhakikishia.

Nikandwe kwanza, au nichanjwe chale?
Hapana, tafadhali. Neva inayoendesha uso imepita ndani ya tezi ya mate iliyo hapo sikioni. Wembe ukiifikia, mdomo unapinda na jicho halifumbi. Nasi tunaendelea kupokea watu wenye chale shavuni na kinundu kile kile chini yake, kimekua.

Lakini kweli hakiumi.
Njoo hivyo hivyo. Na uso ukianza kulegea upande mmoja, au kinundu kikikua haraka au kikashikana na ngozi, njoo leo.

Mtanifanya nini?
Ultrasaundi, kisha sindano nyembamba ya kuvuta chembechembe zipimwe. Sindano hiyo haiamshi saratani. Ikibidi upasuaji, uvimbe mdogo huwa rahisi kutoa na neva kulindwa. Anzia zahanati ya mtaani kwako. Kinundu kikipita wiki 2, omba barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.