Mimba haimfukuzi msichana shule

Ukipita Kondele au Nyalenda hapa Kisumu utasikia ikisemwa kana kwamba ni sheria: msichana akishika mimba, shule kwisha. Mzazi huenda akachukua sanduku na godoro bwenini bila hata kuuliza.

Kenya haina sheria hiyo. Tangu 1994 sera ya elimu inataka msichana arudi darasani baada ya kujifungua, na miongozo ya 2020 imelifafanua zaidi jambo hilo. Juu yake kuna Katiba ya 2010: kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi na kutaja ujauzito waziwazi, na cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi, bure na ya lazima.

Nadhani wengine wanachanganya na Tanzania, ambayo kweli iliwafungia wasichana wajawazito mlango wa shule hadi Novemba 2021. Sierra Leone ilibidi ishtakiwe: mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua Desemba 2019 kwamba marufuku yake ni ubaguzi, ikaondolewa Machi 2020.

Mwalimu mkuu akisema "mpeleke nyumbani", mwombe aandike barua yenye sababu. (Wengi hapo hukohoa kwanza.) Akishikilia, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.