Je, wajua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, huweza kuanza tumboni mwa mama, ikaja kujitokeza ukubwani?

Jioni moja barazani Ngamiani, Tanga, jirani yangu aliniuliza huku akipepeta mchele: “Mwanangu kazaliwa mzima, kasoma mpaka kidato cha nne. Leo anasikia sauti, na daktari asema huenda chanzo ni tangu tumboni. Tumboni vipi, na yeye ana miaka 20?”

Seli za ubongo hazizaliwi pale zitakapofanyia kazi. Nyingi huzaliwa ndani kabisa, kandokando ya vyumba vyenye maji, kisha hupanda kuelekea gamba la juu zikishikilia nyuzi nyembamba, kama mkwezi na mnazi wake. Zinazokuja nyuma huzipita zilizotangulia na kukaa juu zaidi. Njaa kali au maambukizi makali kwa mjamzito yanaweza kuvuruga ujenzi huu. Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944–45, Wajerumani walizuia chakula. Watoto ambao mimba zao zilitungwa njaa ilipokolea waliugua skizofrenia karibu mara 2 kuliko wenzao. Uchina, njaa ya 1959–61 iliacha alama ileile.

Mwaka 1976 daktari Eve Johnstone na wenzake, London, walipiga picha za CT, zinazoonyesha ndani ya kichwa, wakakuta vyumba vile vya maji vimetanuka kwa wagonjwa wa muda mrefu. Hiyo ni tofauti ya wastani tu. Picha peke yake haimtambui mgonjwa.

Mbona ugonjwa usubiri miaka 20? Kwa sababu ujenzi hauishi utotoni. Balehe ikifika, ubongo hupogoa viunganishi vya seli zake vilivyozidi, kama wakulima wa Muheza wanavyopogoa michungwa, na sehemu ya mbele, ya kupanga na kuamua, humaliza mwisho kabisa. Kasoro ndogo iliyojificha miaka yote huonekana hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni iitwayo C4, inayohusika na upogoaji huo, ina aina zinazoongeza hatari.

Jirani yangu akaweka ungo chini. “Mimba ile nililala na malaria wiki nzima. Basi ni mimi?”

Si wewe, mama. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki salama. Katika watu 100, kama 1 huugua maishani. Hatari ikiongezeka maradufu, 98 bado hawaugui. Hakuna awezaye kunyoosha kidole kwenye wiki moja ya homa.

Akaokota ungo. Kesho yake yeye na mwanawe walikuwa na safari ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, kule milimani Korogwe, kufuata dawa, akataka mchele uwe tayari kabla ya Magharibi.