Patagonia kwa baiskeli: upepo ndo unapanga ratiba

Kila ikifika mwezi wa tisa watu wananitumia ratiba zao za Patagonia, kule kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini, Chile na Argentina, niwaangalizie, na karibu zote zina kosa moja, mtu kaandika kilomita 80 Jumatatu, 80 Jumanne, 80 Jumatano, kama vile barabara zote ni sawa. Kazi yangu ni kupangia watu safari za baiskeli na kule nimepita na mizigo yangu mwenyewe zaidi ya mara moja, kwa hiyo nikipokea ratiba cha kwanza nafuta kilomita zote, nachora mshale wa upepo kwenye kila kipande cha barabara, ndo tunaanza kuongea.

Mshale wenyewe unatoka magharibi kwenda mashariki, siku nyingi sana za mwaka. Ukishapita latitudo ya 40 kusini dunia ni bahari karibu tupu, ukiiacha Antaktika Patagonia ndo ardhi kubwa kuliko zote zilizojitokeza huko, sasa upepo unakuja umezunguka baharini bila kizuizi, unagonga milima ya Andes, unamwaga mvua upande wa Chile afu unateremkia Argentina ukiwa mkavu kabisa, ndo maana upande huo hamna miti, ni nyika na vichaka vya kufika gotini. Na kiangazi cha huko, Desemba mpaka Februari, wakati ambao wote tunataka kwenda, ndo unavuma kwa nguvu.

Chukua njia ya El Calafate kwenda El Chaltén, miji miwili ya upande wa Argentina, kilomita kama 215. Unatoka Calafate kuelekea mashariki, kilomita 30 za kwanza zinaisha hata hujachoka, afu unaishika barabara kuu ya Ruta 40 kwenda kaskazini upepo unakupiga ubavu wa kushoto, afu unakata kushoto barabara ya kuingia Chaltén, kilomita 90 kuelekea magharibi, mbisho mtupu kama wanavyosema mabaharia, yaani upepo wa usoni. Hizo 90 zilinichukua siku mbili. Nilipokuwa natoka Chaltén nilizimaliza kwa saa nne, na njiani nilipishana na jamaa wawili wanasukuma baiskeli kwa miguu, nikasimama nikawagawia maji maana nilijua wanachopitia.

Hesabu yake iko hivi. Nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo wa hewa inayokugonga. Ukienda kilomita 15 kwa saa kukiwa shwari, hewa inakugonga kwa 15, ukiwa na upepo wa mbele wa 30 inakugonga kwa 45, yaani mara tatu, na nguvu yake inakuwa mara tisa. Hakuna mguu wa kulipa hiyo, unashuka gia mpaka ya mwisho unaenda 6 au 7 na ndo mwendo sahihi, usishindane nao. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba hata upepo wa ubavu kabisa unakula nguvu, ukienda 15 na upepo wa 30 unatoka pembeni kazi ya kuikata hewa inazidi mara mbili, kwa hiyo ile siku ya Ruta 40 usiiandike kama siku ya kawaida.

Na huo wa ubavu ndo unaniogopesha kuliko wa mbele. Ukiwa unaenda kaskazini unaendesha kulia, upepo unatoka kushoto, baiskeli unailaza kidogo kuuegemea, likija lori likakupita linaukata upepo ghafla unavutwa kuelekea kwenye lori, likimaliza kupita unapigwa kofi unatupwa changaraweni. Ukienda kusini ni mbaya zaidi, upepo unakusukuma kuingia katikati ya barabara. Nunua kioo cha pembeni, ukiona lori nyuma na upepo ni wa kuyumbisha, shuka, simama nje ya lami, lipite. Mizigo mizito weka chini kabisa, na mabegi ya mbele yawe madogo maana ndo yanayougeuza usukani.

Dawa kubwa ni saa. Usiku ardhi inapoa na hewa ya karibu na ardhi inatulia, jua likipanda joto linachanganya hewa na ule upepo wa juu wenye nguvu unashushwa mpaka chini, kwa hiyo mchana na jioni ndo kilele. Kiangazi kunapambazuka mapema sana, saa kumi na moja alfajiri niwe barabarani, saa sita au saba natafuta pa kulala. Sio kila siku inafanya kazi, kuna siku zinavuma usiku kucha, hizo unabaki hemani na unakuwa umeshaweka akiba ya chakula cha siku mbili na maji lita 8 mpaka 10 maana makazi yanaweza kuachana zaidi ya kilomita 100.

Pa kulala tafuta pa chini, vipimo vya utabiri ni vya mita 10 juu, karibu na ardhi ni nafuu. Nyuma ya vichaka ni bora kuliko nyuma ya ukuta mfupi maana kichaka kinauchuja upepo, ukuta unaurusha juu unaanguka upande wa pili ukizunguka. Hema kigingi cha kwanza upande wa upepo kabla hujalifungua lote, upande mwembamba uuelekee upepo, mlango nyuma, kamba zote zifungwe hata kama jioni kumetulia.

Jiko sasa, hapa sibembelezi mtu. Mwaka 2005 jiko la mpiga kambi mmoja liliangushwa Torres del Paine, hifadhi ya taifa ya Chile, zikaungua hekta zaidi ya 14,000, mwisho wa 2011 moto mwingine ulioanzishwa na mtalii ukala zaidi ya 17,000, na miti ya lenga ya kule inakua polepole mno. Mimi nyikani nikikosa kinga kamili siwashi, nakula mkate na jibini nalala. Na usizungushie kinga ya bati jiko linalokaa juu ya mtungi wa gesi, mtungi unapata moto unaweza kulipuka.

Kama ratiba yako ina Porvenir kwenda San Sebastián, kule kisiwa cha Tierra del Fuego, barabara inaelekea mashariki, hapo ndo weka zile kilomita zako nyingi.